Mbwa Mweupe, Udongo Mwekundu na Mama Mkwe wa Nachingwea

Ukishinda Instagram unaweza kuamini kabisa kwamba kumuogesha mbwa ni burudani. Mbwa kajaa povu, kafungwa taulo kichwani, muziki laini unapiga kwa nyuma, mdada anacheka, klipu imeisha. Sekunde thelathini tu, na watu kibao wameshabonyeza kopa. Hakuna anayeonyesha yale maji yaliyogeuka rangi ya chai, wala mkono uliochubuliwa, wala mama mkwe aliyesimama kizingitini kaikunja kanga yake juu isiguswe na tone hata moja.

Huyu mdada ni mwalimu wa sekondari, mtoto wa Temeke, aliyepangiwa Ruangwa mwaka juzi. Alishuka stendi na mabegi mawili, godoro la kukunja, na kikapu chenye mbwa mdogo mweupe wa manyoya marefu anayeitwa Pamba. Pamba aliachwa na jirani aliyehamia Dodoma, na hakuna aliyemtaka zaidi ya mdada. Kule Dar maisha yake yalikuwa ya kistaa. Kulikuwa na kijana anakuja kila mwezi na vifaa vyake, anamuogesha, anamchana, anamkata kucha, analipwa anaondoka. Mdada yeye kazi yake ilikuwa kupiga picha.

Sasa Ruangwa siyo Masaki. Ni mji unaokua kwa kasi, una Namungo yake ligi kuu, na siku akija Simba au Yanga mji mzima unafurika jezi. Kuna korosho, ufuta, kuna madini ya kinywe yanayofanya wageni waje na magari marefu. Lakini mtu wa kuogesha mbwa kwa malipo? Ukiuliza stendi watadhani unatafuta ugomvi. Mbwa huku ana kazi. Analala nje, analinda nyumba, anakwenda shamba kupambana na nguruwe pori na ngedere. Anaogeshwa na mvua.

Halafu huo udongo. Udongo mwekundu wa Ruangwa na Nachingwea ukikutana na mbwa mweupe, mshindi anajulikana mapema. Wiki ya kwanza tu Pamba alikuwa wa rangi ya tofali.

Mdada akafanya ambacho wengi wangefanya. Alichukua beseni, maji ya baridi ya asubuhi, sabuni ya kipande ya kufulia, akamsugua mtu wake mpaka kung'aa. Picha zikapatikana. Siku tatu baadaye Pamba akaanza kujikuna usiku kucha, ngozi ya tumboni imekuwa nyekundu na inatoa magamba kama mba. Akaongeza sabuni. Hali ikaongezeka.

Hapa kuna kitu ambacho zile klipu huwa hazisemi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya binadamu, na tindikali yake si sawa na yetu: ya mtu ina uchachu kidogo, ya mbwa inakaribia maji ya kawaida. Sabuni ya kufulia ni kali hata kwa mikono yako mwenyewe, sembuse kwa ngozi hiyo. Inakwangua mafuta yote ya asili, ngozi inakauka, inapasuka, mnyama anajikuna, pale alipojikuna vinaingia vidudu. Shampuu ya watu ni nafuu kidogo ila nayo si yake. Dawa yake ni shampuu ya mbwa, na ukiikosa, bora maji ya uvuguvugu matupu na kitambaa kuliko kipande cha bluu. Na siyo kila Jumamosi. Mbwa mwenye ngozi nzima anaenda hata wiki tatu au nne bila kuoga, akichanwa tu, na hanuki.

Mdada aliyajua hayo kwa kumuuliza bwana mifugo, ambaye kwanza alicheka, halafu akaja kumwangalia kweli. Shampuu ikaagizwa Dar, ikaja na basi.

Mpaka hapo ilikuwa ni hadithi ya mtu na mbwa wake. Ikawa ngumu alipoingia jamaa.

Jamaa ni wa Nachingwea, ana duka la spea za pikipiki, mpole, na ana mama. Nachingwea na Ruangwa ni majirani, watu wanakwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo penzi halikuwa la mbali sana. Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Wote Waislamu, wote wa umri mmoja, hakuna kipingamizi. Isipokuwa chenye miguu minne.

Mama alilisema mapema na kwa adabu zote. "Mwanangu, wewe nakupenda. Huyo mwenzako hapana."

Watu wanaoishi nje ya Pwani huwa wanadhani ni chuki tu. Siyo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa ukanda huu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kitu kilichoguswa nayo kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda shamba au mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na ndiyo maana marehemu babu yake jamaa alikuwa na mbwa watatu shambani na bado alikuwa wa safu ya mbele msikitini. Ila kuna kipengele ambacho wengi hawakijui mpaka wamuulize shehe: najisi hiyo inahama kwa unyevu. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna cha kuosha. Balaa ni maji.

Sasa fikiria. Kama balaa ni maji, basi hakuna saa mbaya kwa mama kuliko saa ya kumuogesha Pamba. Mbwa kalowa, mwenye mbwa kalowa, beseni limelowa, uwanja umelowa, halafu mbwa anajitikisa. Kila mwenye mbwa anaijua hiyo: ukimwachia tu, anajikung'uta kama feni, matone yanafika ukutani. Mama alikuwa na hoja.

Mdada hakubishana. Alinunua beseni la Pamba peke yake, jekundu, lisilochanganywa na lolote. Akanunua glovu za mpira zinazofika kiwiko, eproni ya plastiki na taulo mbili za rangi moja ili zisije zikaingia kwenye nguo za watu. Kona ya uani ikatengwa, mbali na kamba ya kuanikia na mbali na jiko. Akiwa Nachingwea kwa wikiendi, Pamba haogeshwi kabisa, anachanwa tu, akiwa mkavu. Mama akaangalia kwa mwezi mmoja, akasema, "Haya." Kwa wanaomjua, hiyo "haya" ni kama amekupa kiwanja.

Kumchana nako kuna siri yake. Mbwa wa manyoya marefu anachanwa KABLA ya kuoga, siyo baada. Fundo likishika maji linakaza kama kamba ya katani, na hapo tena huna ujanja ila kulikata. Na ukilikata kwa mkasi ukiwa umelivuta, ngozi inapanda pamoja nalo. Wengi wamewakata mbwa wao hivyo, wanadhani wanakata nywele. Weka chanuo katikati ya ngozi na fundo, kata juu ya chanuo. Mdada alijifunza hilo kabla hajaumiza, kwa bahati.

Kisa cha kinyozi ndicho kilichosambaa mjini. Joto lilipozidi jamaa akaona isiwe tabu, akamkwapua Pamba akampeleka kwa kinyozi wake ampige nambari moja. Kinyozi alizima mashine. "Kaka, hii nanyolea masheikh. Leo nikimpitishia huyo, kesho nani anakaa kwenye kiti changu?" Watu kijiweni walicheka mpaka machozi. Ila kinyozi alikuwa sahihi hata ukiweka dini pembeni, kwa sababu mapunye yanaweza kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu na kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama, na mashine moja ni daraja zuri sana. Pia zile mashine zikikimbia dakika kadhaa chuma kinachemka. Kwenye kichwa cha mtu unasema "inaunguza bwana". Pamba angesemaje?

Halafu kumnyoa mpaka ngozi kwa sababu ya joto ni wazo linaloonekana la huruma na si la huruma hata kidogo. Mbwa hapoi kwa kutoa jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje. Yale manyoya yanamkinga na jua. Mbwa mweupe mwenye ngozi ya waridi ukimwacha uchi kwenye jua la Nachingwea, anaungua. Mdada alinunua mkasi, akapunguza tu: pembeni ya macho, chini ya nyayo, na kule nyuma panapochafuka. Mengine akayaacha.

Tukio lenyewe lilikuwa mwezi wa saba, msimu wa kupulizia mikorosho. Anayekujua kusini anajua msimu huo: mabomba ya kupulizia kila kona, salfa ya ubwiriunga imejaa maghalani, na chupa za dawa ya mbu wa mikorosho zinalala hadi chini ya vitanda. Mdada alikuwa na semina ya siku tatu Ruangwa, haiwezekani kwenda na mbwa. Akamwacha Nachingwea kwa jamaa. Siku ya pili jamaa akaenda Masasi kuchukua mzigo, jioni atarudi.

Nyumbani wakabaki mama, mjukuu wa miaka miwili, na mdogo wake jamaa, kijana wa kama miaka kumi na tisa. Kijana huyu anampenda Pamba kuliko watu wote wa ile nyumba. Alikuwa akimpitishia vidole shingoni akakuta kupe, mmoja, wawili, kundi. Pamba alikuwa ametoroka asubuhi, akapita kwenye zizi la jirani. Kijana akaona huruma. Akachukua bomba, humo ndani kulikuwa na dawa ya mikorosho iliyobaki ya jana, akampulizia mwili mzima. Kupe wakaanguka kweli. Akafurahi.

Kabla saa haijaisha Pamba alikuwa anatoa udenda kama bomba bovu. Halafu miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, akajaribu kusimama akaanguka ubavu. Na bado alikuwa anajilamba.

Kujilamba huko ndiko kunakoua. Mtu ukimwagikiwa na dawa inapita kwenye ngozi tu. Mbwa inapita kwenye ngozi na mdomoni, kwa sababu kila kilichoko mwilini mwake atakilamba. Ndiyo maana hii tabia ya kutumia dawa za mashambani, au dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa macho, au ile oili chafu ya pikipiki wanayopakwa mbwa wenye ukurutu, au mafuta ya taa, inamaliza mbwa wengi kimyakimya. Dawa ya ng'ombe ina kipimo cha ng'ombe, iliyo kali kama ilivyo kwenye chupa. Mtu anamimina kifuniko kwenye ndoo, hajui ni mara ngapi ya kile alichotakiwa. Mbwa akifa, inasemwa kalishwa sumu na majirani.

Kijana alikimbilia maziwa. Kila mtu Tanzania hii akisikia sumu anakimbilia maziwa. Mama akamzuia.

Mama huyu kwa miaka mingi alikuwa anabangua korosho. Wanaobangua wanajua mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza, wanawake wengi wameharibika vidole kwa kazi hiyo. Ukimwagikiwa huanzi kunywa kitu, unaosha. Unaosha haraka, kwa sabuni, kwa maji mengi, na huachi mpaka mkono hautelezi. Yeye hakujua lolote kuhusu mbwa. Alijua kuhusu ngozi na vitu vibaya.

Alimwambia kijana ambebe mtoto na kumtoa nje. Akaenda kwenye ndoo ya vifaa vyake vya zamani, akavaa glovu zake za korosho. Akachukua beseni jekundu, lile lile lililotengwa, akamimina maji ya kunywa ya siku hiyo na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akamshika Pamba kwa mikono miwili akamtumbukiza.

Kwa umri wote aliokuwa nao, hajawahi kugusa mbwa. Sasa alikuwa na mbwa aliyelowa chapachapa, anayetokwa udenda, kifuani kwake.

Alimuosha mara ya kwanza, akamwaga, ya pili, akamwaga, ya tatu. Ndoo zote tatu za ndani zikaisha, akaagiza kwa jirani. Kichwani hakumwagia, alipangusa kwa kitambaa kuelekea nyuma ili maji ya sumu yasiingie machoni na mdomoni. Hakufundishwa hilo na mtu, ni vile ambavyo angemuosha mtoto mwenye pilipili usoni. Alipomaliza akamvingirisha kwenye kanga yake mwenyewe, akaikaza mpaka shingoni asiweze kujilamba tena. Kanga ile hakuivaa tena, lakini hajawahi kuisema.

Kijana akapewa kazi moja: kimbia kwa bwana mifugo, na uende na chupa.

Chupa ndiyo iliyookoa dakika. Dawa za wadudu si ukoo mmoja. Za kundi la ogano-fosfati zina sindano yake, atropini, na mtaalamu akijua hivyo anaanza nayo moja kwa moja. Za kundi jingine, hizi za pairethroidi zinazouzwa sana siku hizi, hazina kizimua sumu chake, unatuliza mtetemeko na kumsaidia mnyama mpaka mwili usafishe. Ukifika bila chupa unasema "dawa ya mikorosho", na dawa za mikorosho ziko nyingi. Bwana mifugo alisoma kibandiko akiwa bado amekaa kwenye bodaboda. Alipofika akamwangalia Pamba, akamwangalia mama, akasema, "Nani kamuosha huyu?" Kimya. "Aliyemuosha ndiye kamponya. Mimi namalizia tu."

Alimchoma sindano ya kutuliza mtetemeko, akakaa naye mpaka magharibi. Akamgeukia kijana ambaye alikuwa analia waziwazi. Hakumfokea. Alimwonyesha kupe mmoja aliyebaki sikioni, akatoa kibano, akambana karibu kabisa na ngozi, akavuta polepole wima bila kuzungusha. "Wakiwa wachache, hivi. Wakiwa wengi, dawa ya mbwa ya kudondoshea shingoni. Bomba liache shambani." Na akaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kuna dawa za kupe za mbwa ambazo zina permethrini, zinamfaa mbwa, lakini paka akizigusa zinaweza kumuua. Kwa nyumba yenye mbwa na paka, soma kibandiko mara mbili.

Mama alikuwa kona ya uani anaosha mikono. Mara ya kwanza kwa udongo, halafu maji, mara sita. Kisha akachukua simu ya kijana akampigia mdada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbwa wako kaoga."

Mdada alidhani ni utani. Alipoelezwa alitoka kwenye semina bila kuaga, akapanda pikipiki usiku ule, na hiyo ni habari nyingine kabisa kwa sababu jamaa naye alikuwa njiani kutoka Masasi na simu yake imezima chaji. Wakafika wamepishana dakika kumi. Walikuta mama kakaa kwenye mkeka, Pamba kwenye boksi umbali wa hatua tatu, na kati yao hakuna anayeongea.

Watu wanapenda kuambiwa kwamba kuanzia siku hiyo mama alimpenda mbwa. Hapana. Pamba haingii ndani ya ile nyumba mpaka leo. Kijana alijenga kibanda cha mbao chini ya mwembe, na Pamba akija Nachingwea anafikia huko. Kilichobadilika ni kwamba mama ana maoni sasa. Anauliza kwenye simu kama masikio yameangaliwa. Anataka kujua kwa nini kucha zinagonga sakafu, "tak tak tak, kama mtu kavaa viatu vya harusi".

Kucha hizo nazo zilileta lao. Ndani ya kucha ya mbwa kuna nyama yenye damu na mishipa ya fahamu. Kwa kucha nyeupe unaiona ya waridi ukiweka kwenye mwanga, kwa kucha nyeusi huioni kabisa, unakata kidogo kidogo kwenye ncha. Jamaa, akitaka kuonekana naye anajua, alikata ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, ya tatu akaingia ndani. Damu. Pamba akamng'ata kidole. Haikuwa kubwa, alama mbili tu za meno, na kucha ikatulia baada ya kubanwa na unga wa ngano.

Kidole ndicho kilikuwa tatizo. Mdada alitafuta kadi ya chanjo ya Pamba: chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imepita miezi mitano. Alimvuta jamaa bombani, akamuosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa, jamaa analalamika kwamba ni mkwaruzo tu. Kisha hospitali, kisha sindano, kwa tarehe walizopangiwa, bila kuruka. Jamaa aliona ni kumkomoa. Lakini kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa. Huwezi kusubiri uone.

Na Lindi inapaswa kulijua hilo kuliko mikoa mingi. Kuanzia mwaka 2010 hivi, kusini mashariki mwa Tanzania kulikuwa na mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa, chini ya Shirika la Afya Duniani na fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates, na Lindi na Mtwara zilikuwemo. Mbwa walichanjwa vijiji kwa vijiji. Hesabu yake ni rahisi: ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Wazee wa Nachingwea bado wanakumbuka foleni za watoto na mbwa waliofungwa kwa kamba za mkonge. Tatizo mbwa wanakufa, wanazaliwa wengine, na foleni isiporudiwa ile saba inashuka. Kwa hiyo kabla ya shampuu, kabla ya brashi, kabla ya utepe wa shingoni wa kupigia picha, kadi. Mbwa unayemshika masikio, mdomo na kucha kila mwezi, usipojua kadi yake ni ya lini, unacheza kamari na kidole chako.

Siku hizi kazi inafanywa na watu wawili, asubuhi, jua likiwa bado dogo. Kijana wa bomba ndiye msaidizi mkuu, na kusema ukweli amekuwa fundi kuliko mwenye mbwa. Anamshikilia Pamba chini ya kifua, anamwongelesha muda wote. Chini ya beseni kuna kipande cha mkeka wa zamani, kwa sababu mbwa akiteleza anaogopa na akiogopa anauma. Maji vuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko kama ya mtoto. Kuanzia shingoni kwenda nyuma, kichwa mwisho na kwa kitambaa. Povu linatolewa mpaka maji yanayodondoka yawe meupe, maana shampuu iliyobaki ndiyo inayowasha. Masikio yanafutwa pale jicho linapofika, hakuna kijiti cha pamba kinachoingia ndani. Yakinuka au akiinamisha kichwa upande mmoja, ni ya bwana mifugo. Halafu taulo, halafu kivulini penye upepo mpaka akauke hadi kwenye ngozi, kwa sababu manyoya marefu yakikaa na unyevu kwenye joto hili yanatengeneza vidonda chini kwa chini. Kucha anakata mdada peke yake, mbili leo, mbili kesho. Jamaa amepigwa marufuku.

Yule kijana ameshapata wateja wawili Ruangwa, watumishi waliohamia na mbwa wao. Analipwa kidogo, ila ana eproni yake, na ana sharti: bila kadi ya chanjo hagusi.

Harusi ni baada ya msimu wa korosho, hela zikishaingia. Mpiga picha aliyekodiwa kutoka Mtwara aliona video za Pamba kwenye simu ya mdada, akasema huyu lazima awepo kwenye picha ya familia, atabamba sana mtandaoni. Jamaa akameza mate. Mdada akaangalia chini. Wote wakasubiri mama aseme.

Mama alikunja kanga, akafikiri kidogo.

"Awepo," akasema. "Ila awe mkavu."